Bosi na Dagaa wa Mama Romana

Kila alasiri, Goreth akishavua sare za shule na kuosha vyombo, alimfungulia Bosi. Bosi alikuwa mtoto wa mbwa mwenye masikio makubwa kuliko akili. Ndivyo Baba Goreth alivyopenda kutania. Akikua angelinda nyavu ufukweni hapo Karema, lakini kwanza ilimpasa ajue kutii.

Kazi ilikuwepo! Goreth alisema, "Kaa!" Bosi akakaa. Kuku akapita, Bosi huyo, nyuma ya kuku. Goreth akamwonyesha ukoko wa ugali. Bosi akaunusa, akageuza uso kama mgeni aliyeshiba.

Jirani yao, Mama Romana, alikuwa akianika dagaa kwenye chanja nyuma ya nyumba. Siku moja, mama huyo alipokwenda kuteka maji, Goreth alichukua dagaa mmoja. "Kaa!" Bosi akatulia tuli, kuku wakapita, bata wakapita. Tangu siku hiyo, somo likawa linafanyika chini ya chanja. "Ni kamoja tu," Goreth alijiambia kila mara. Moyo ukamsuta, akaunyamazisha.

"Binti yangu fundi!" Baba alimsifu. Goreth aliangalia chini.

Halafu Bosi akaenda peke yake kwenye “shule” yake, chini ya chanja. Alivuta wavu wa chanja kwa meno, dagaa wote wakamwagika kwenye tope.

"Baba Goreth! Njooni nyie mwone!" Mama Romana alipiga kelele. Dagaa hao alikuwa awapeleke kuuza Mpanda. Akainua ufagio. "Mwizi we! Kaa hapo!"

Bosi akakaa. Akaielekezea chanja pua, akafungua mdomo, akasubiri.

Watu wakacheka. Goreth hakucheka.

"Mlinzi gani huyu, anakula anachokilinda?" Baba alisema kwa hasira. "Kesho anapanda lori la Kabungu. Huko akalinde mahindi."

Jioni Goreth aliketi kula. Bosi alikuja kumlamba vidole, vile vile vilivyokuwa vikimpa dagaa. Goreth akainuka, akamshika Baba mkono, wakaenda kwa jirani.

"Shikamoo, Mama. Bosi si mwizi. Mwizi ni mimi. Nilikuwa nachukua dagaa wako ili nimfundishe. Yeye alidhani ndiyo kazi yenyewe."

Mama Romana akashika kiuno.

"Kumbe nimefungua shule, sina habari! Na mimi nikamfukuza paka wa watu kwa mawe, nikidhani ndiye anayenipunguzia dagaa!"

Goreth akalia. Hakuwa amefikiria kwamba paka angepigwa kwa kosa lake.

"Lori liende bila Bosi," Baba alisema hatimaye. "Lakini wewe, kila ukitoka shule, utamsaidia Mama kuosha na kugeuza dagaa."

Ndivyo ilivyokuwa. Bosi alianza upya, mbali na chanja, kwa ukoko, tena akiwa na njaa. Kila alipotulia, Goreth alimsogeza karibu kidogo. Akikurupuka, walirudi nyuma.

Hadi siku moja Mama Romana akaweka dagaa mbele ya pua ya Bosi. Mate yalimdondoka, lakini macho yake yalikuwa kwa Goreth.

"Kaa," Goreth alisema. Bosi akakaa.

Mama Romana akacheka, akamrushia dagaa yule. "Huyu nimempa mimi mwenye mali! Umeona, mwanangu? Mdomo wako ulimwambia atii, mkono wako ukamfundisha kuiba. Yeye akaufuata mkono. Siku uliposema kweli, ndipo Bosi alipopata mwalimu."