Kikombe cha Upande wa Pili wa Kioo

Siku kioo-kina, skrini ya picha zinazoonekana kuwa na kina, kilipowashwa mara ya kwanza katika kituo cha treni cha Tanga, watu walinyoosha mikono kuchuma machungwa yasiyokuwepo. Mhandisi Kheri, aliyekibuni, alicheka mpaka machozi, kisha akaeleza. Ubongo hupima umbali kwa kukusanya dalili nyingi: kila jicho huleta picha iliyotofautiana kidogo na ya mwenzake, kivuli husema lake, kitu cha mbele hukikinga cha nyuma. Nyingi zikikubaliana, ubongo huamini.

"Na mtu akiyumbisha kichwa?" aliulizwa. "Si vitu vya karibu husogea haraka kuliko vya mbali?"

"Macho mawili yakisharidhika, nani atahangaika kuyumba?"

Mama yake, Bi Mwanakombo, aliishi katika nyumba ya wazee. Mapafu yake yalikuwa dhaifu, kwa hiyo wageni walikaa upande wa pili wa kioo. Kila Ijumaa Kheri alikuja. Mama alimimina kahawa vikombe viwili, kimoja akakipitisha kwenye kijidirisha cha pembeni. Kilirudi kitupu. Kwa miezi saba Kheri hakukosa hata mara moja, na mama akawaringia wenzake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda! Mkeo anakupikia, au anakuonyesha sufuria tu?"

Kheri akacheka.

Mama alikuwa akimshonea kofia. Uzi ukachomoka. Jicho lake la kushoto lilikufa Kheri akiwa darasa la pili. Tangu hapo hulitafuta tundu la sindano kwa kuyumbisha kichwa, kushoto, kulia. Akayumba. Nyuma ya sindano, Kheri, kiti chake na ukuta vilikuwa vimegandana, bapa kama picha ya kalenda.

Akayumba tena.

"Kheri, utotoni nani alinitungia uzi?"

"Mimi, mama," sauti ikajibu, tamu vilevile.

"Basi ungekumbuka nina jicho moja."

Akagonga kijidirisha. Kikafunguka polepole, ukatokea mkono wa Mashavu, mlezi wake, umeshika kikombe. Mama akayumbisha kichwa. Mkono ulisogea, ukuta ukabaki nyuma.

"Tangu lini nazungumza na picha, Mashavu?"

"Tangu Ijumaa ya pili, Bibi. Aliiacha picha ikujibu badala yake."

"Na kahawa?"

"Nilikuwa nainywa mimi. Niliona vibaya irudi imejaa."

Bi Mwanakombo aligeukia kijidirisha. Kisha akainua birika.

"Sogeza kikombe, mwanangu, nikuongeze."

Kwenye kioo, Kheri alitabasamu. "Mama, leo hunipi kahawa?"