Chupa ya Mwaka Aliozaliwa Solène

Gaétan Courrèges hakuwa na ardhi, hata mstari mmoja wa mizabibu. Hakuwa na baba wa kumtaja, wala gari, wala koti la pili. Alikuwa na pua tu. Kwa pua hiyo alipata kazi ya kuonja divai katika ghala la mfanyabiashara mmoja wa Bordeaux.

Alikutana na Solène Jumamosi moja ya Desemba, katika soko la Capucins, watu wakibanana mbele ya meza ya chaza. Msichana alivaa koti la bluu na buti zenye tope.

"Dada, unanukia moshi wa matawi ya mzabibu," alisema Gaétan. "Kwenu mmeanza kupogoa na kuchoma matawi."

"Kumbe! Unanusa wanawake wote wa soko hili?"

"Hapana. Wengine wananuka samaki."

Alicheka mpaka kikapu kikamponyoka. Alikuwa binti wa Mzee Darrigade, ambaye familia yake ilitengeneza divai nyekundu ng'ambo ya mto kwa vizazi vitano. Tangu siku hiyo simu haikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Basi utakonda, maskini wangu."

Februari homa ilimlaza Gaétan siku tisa. Alipoinuka, kahawa ilikuwa maji ya moto tu. Sabuni, mkate, divai, vyote havikuwa na harufu. Daktari alisema huenda pua ingepona, huenda isipone. Gaétan hakumwambia mtu. Kazini alitazama kwanza nyuso za wenzake, ndipo aseme neno. Na Solène je? Angemwambiaje kwamba hata kile kimoja alichokuwa nacho kimeondoka?

Siku ya Pasaka aliitwa mezani kwa kina Darrigade kama mchumba wa Solène. Mwaka aliozaliwa Solène, babu yake alificha chupa moja kubwa ya divai ndani ya ukuta wa ghala, akaujengea. Desturi ya nyumba ile ilikuwa kwamba mchumba ndiye huifungua na kuinusa kabla ya wote.

"Haya, mwanangu," alisema Mzee Darrigade, amevaa suti yake ya kanisani. "Ukisema ndiyo, tunakunywa."

Gaétan aliinusa glasi, kisha akautazama uso wa mzee. Uliwaka kwa furaha.

"Nzuri sana, mzee. Ina harufu ya waridi na matunda meusi."

Wakamiminiwa wote. Bibi yake Solène aliileta glasi puani, akaiweka chini.

"Hii inanuka gunia lililolowa."

Mzee akaonja, akatema. "Chupa kuharibika si aibu ya mtu. Ungesema, tungefungua nyingine. Lakini kuisifu! Umeyataka mashamba yangu kiasi hicho?"

Solène alimfuata Gaétan hadi getini, macho yamejaa machozi. "Sema kitu, Gaétan. Chochote!"

"Nilitaka kumfurahisha baba yako."

"Na mimi? Maneno matamu yote yale, ulikuwa unanifurahisha tu?"

Gaétan alifungua geti, akatoka. Wiki nne alipiga simu bila kupokelewa. Siku ya mwisho ikapokelewa.

"Usipige tena. Kesho kutwa naenda Chile, kwenye mashamba ya rafiki wa baba. Huko hakuna anayekujua."

Jioni hiyo, peke yake ghalani, Gaétan aliandika:

"Solène, siku ile sikusikia harufu yoyote. Tangu Februari sisikii kitu, hata shingo yako. Nilijifanya. Kilichobaki ni ule moshi wa koti lako sokoni, nao naanza kuusahau. Sikuombi urudi. Mwambie baba sikuidharau chupa yake."

Alijua barua ingemkosa Solène nyumbani, na kwamba baba angeisoma kwanza. Mzee na tajiri wake Gaétan, mwenye ghala, walijuana tangu utoto; habari ingemfikia. Kazi pia ingekwisha.

Aliyeyusha nta nyekundu ya kufungia shingo za chupa, akaidondosha juu ya bahasha. Aliinama, akavuta pumzi ndefu juu ya nta ya moto. Hakuna kitu.

Akatoka, akaitumbukiza bahasha katika sanduku la posta.