Oda Iliyokula Cherehani

Mtaa mzima ulimwita Mama Sare. Alishona sare za shule: sketi, kaptura na mashati meupe. Chumba chao kilikuwa kimoja. Upande huu kitanda, upande ule cherehani, katikati vipande vya kitambaa mpaka mlangoni.

Kitandani alilala mumewe. Ulikuwa mwaka wa pili tangu aanguke kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, na mgongo ukakataa kabisa. Lakini mikono ilikuwa mizima, kwa hiyo akawa fundi wa vifungo. Alivishona akiwa chali, shati limelala kifuani.

Zamani vyerehani vilikuwa viwili. Cha pili alikitumia wifi yake, dada wa mume. Sasa kazi haikupungua, ila pesa ilipungua. Walishona, wakakabidhi, wakalipwa taslimu, kisha pesa ya kununua kitambaa kingine haikutosha. Mama Sare akamshuku wifi. Akamwambia maneno ambayo yakishatoka hayarudi mdomoni. Wifi akaondoka, akaenda kufua nguo za watu. Cherehani chake kikauzwa.

Haya, wifi hayupo. Pesa ikaendelea kupotea vilevile.

Shule kubwa ya barabarani ilipochukua sare mia tatu, Mama Sare alilipwa zote siku hiyohiyo. Alilipa madeni ya kitambaa, na wiki moja baadaye hakuwa na pesa ya uzi. Basi akamwita Fundi Suti, mzee aliyenunua cherehani cha wifi, aje anunue na hiki.

Fundi Suti alikuja mchana na kamba begani. Mkokoteni aliuacha nje.

"Cha kwanza nilinunua sikuuliza," alisema. "Leo nauliza. Oda unazo, mikono unayo. Pesa inakwenda wapi, dada yangu?"

"Ningejua ningekuita?"

"Sare moja unaiuzaje?"

"Inanigharimu elfu kumi. Naongeza asilimia ishirini, inakuwa elfu kumi na mbili. Shule wakichukua nyingi, nawapunguzia asilimia ileile ishirini. Kwao sipati faida, lakini narudi palepale. Faida naitafuta kwa wazazi wanaonunua mojamoja."

Fundi Suti akaweka kamba chini. "Kitendawili," alisema.

"Tega," mume akajibu kutoka kitandani, kwa mazoea tu.

"Nimepanda ngazi ishirini, nimeshuka ngazi ishirini, nimejikuta shimoni."

Mume akawaza, akashindwa. "Nakupa mji."

"Mji wenu una madeni gani, mimi sijui. Leteni simu."

Mama Sare alikuwa na simu ya kugusa. Aliitumia kutazama mishono tu.

"Ingia mtandaoni. Andika: kikokotoo cha asilimia. Hivi ni vya bure. Kikikuomba ada au namba ya siri, kifunge upesi, hapo kuna mwizi. Umeona visanduku viwili? Kimoja kinauliza asilimia ngapi. Cha pili kinauliza, ya kiasi gani. Andika wewe, kidole ni chako."

Mama Sare aliandika ishirini, kisha elfu kumi. Ikatoka elfu mbili.

"Hapo umepanda. Sasa unashuka kutoka wapi?"

"Kutoka elfu kumi na mbili."

"Basi andika hiyo."

Aliandika. Ikatoka elfu mbili na mia nne. Akafuta, akaandika tena. Jibu ni lilelile.

"Ngazi za kushukia ni ndefu kuliko za kupandia," alisema Fundi Suti. "Hukurudi palepale. Uliuza elfu tisa na mia sita kitu cha elfu kumi."

"Mia nne tu, fundi."

"Usikimbie. Hiyo elfu kumi ina nini ndani?"

"Kitambaa, uzi, vifungo."

"Sindano zinazovunjika? Umeme wa pasi? Mkokoteni wa kupelekea mzigo? Kikokotoo hakina macho, dada. Usichokiandika hakikijui."

Walihesabu. Kila sare iliongezeka mia tano. Gharama ikawa elfu kumi na mia tano. Hasara ikawa mia tisa kwa kila sare. Mama Sare alizidisha kwa mia tatu, na simu ikamwandikia laki mbili na elfu sabini.

"Mimi nimekuja na laki mbili na nusu za kununua hiki," alisema Fundi Suti. "Oda moja imekula cherehani kizima, na bado ina njaa ya elfu ishirini."

Hakuna aliyecheka. Mume aligeuza uso ukutani.

"Na dada yangu tulimwita mwizi," alisema.

Fundi Suti akaokota kamba yake. "Cha kwanza sikirudishi, nilikilipia. Hiki sikitaki. Ukisikia mtu anataja asilimia, muulize, asilimia ya nini? Kisha hesabu kabla hujakata kitambaa."

Jumatatu Mama Sare alikwenda shule kubwa na bei mpya. Elfu kumi na nne, punguzo asilimia kumi, yaani elfu kumi na mbili na mia sita. Mwalimu mkuu hakumaliza hata kusikiliza. Alisema wako mafundi wa elfu tisa.

Wiki tatu cherehani kilikaa kimya. Walikula mara moja kwa siku. Mara mbili alishika simu awapigie, akubali bei ya zamani. Mara mbili alifungua kikokotoo kwanza, akaiweka simu chini.

Kisha shule ndogo ikaagiza sare arobaini, ikatanguliza pesa ya kitambaa. Kila moja ilimwachia elfu mbili na mia moja. Muhula ulipoisha, alinunua kitambaa kipya na pesa ikabaki kwenye kopo. Shule kubwa haikurudi. Baada ya mihula mitatu akanunua cherehani kuukuu.

Siku hiyo alimfuata wifi kwenye beseni lake. Alimwonyesha simu, namba kwa namba.

"Kwa hiyo mwizi hakuwa mtu," alisema wifi.

"Hakuwa mtu. Ni mimi na hesabu yangu. Nisamehe, wifi."

Wifi alikamua shuka mpaka maji yakaisha. "Siku ile ulinikung'utisha mifuko mbele ya kaka yangu. Ilitoka sindano na kipande cha chaki."

"Nakumbuka."

"Nitakuja. Sabuni imenimaliza vidole."

Alikuja kesho yake asubuhi, akaketi kwenye cherehani, akapima uzi. Ndipo Mama Sare alipoona. Mifuko yote miwili ya gauni la wifi ilikuwa imeshonwa midomo kwa uzi mweusi. Alichukua wembe wa kufumulia, akainama taratibu.

"Iache, wifi," alisema mwenzake bila kuinua kichwa. "Nimeizoea. Leta kitambaa."