Kipimo Kilichoanguka

Kila Jumanne asubuhi Maisara alipanda basi kwenda shule, mtaa wa Aston, uso kaukunja kama aliyelamba ndimu. Jumanne ilikuwa siku ya karakana, na karakana ilikuwa ya Mwalimu Jatinder.

Mwalimu huyu wa uhandisi, mwenye kilemba cha buluu, alizaliwa Nakuru. Kiswahili alikijua sana, ila alikitumia zaidi kukaripia. "Maisara, funga nywele. Mashine haina macho." "Djo, meza hiyo si kitanda chako." Wanafunzi walisema anawachekea njiwa wake tu, wale anaowafuga nyuma ya nyumba na kuwarusha jioni wapinduke angani.

Sheria aliyoishika kuliko zote ilikuwa hii: kipimo cha taya, kile chuma kinachopima hata unene wa unywele, kikianguka, aliyekiangusha akifunge uzi mwekundu na kukiweka kando. Haulizwi wala hagombezwi.

Juma hilo waliingia karakana kila siku, wakitengeneza kigari cha kushindana na shule moja ya Harborne. Maisara ndiye aliyekuwa mpimaji, na cheo hicho kilimvimbisha kichwa. Basi kipimo kikamponyoka, kikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Akatazama huku na huku. Mashine zilikuwa zinanguruma, hakuna aliyesikia. Uzi mwekundu ulining'inia pale pale ukutani. Lakini akiufunga, si watampa mwingine kazi yake? Akakifuta kwa sketi, akaendelea kupima.

Ijumaa, vyuma vya magurudumu vikakataa kuingia kwenye matundu. Vyote vilikuwa vinene.

"Nani kakata hivi?" akauliza Ifrah, kiongozi wa timu.

"Djo," wakajibu wenzake.

"Miye sikuharibishaka kitu, hein," akasema Djo, ambaye wazazi wake walitoka Kongo. "Nilikata vile Maisara alinipimia."

"Usimsingizie mwenzio. Mikono yenyewe kama ya kusongea ugali," Ifrah akamkemea.

"Hata huo ugali angeuunguza," akadakia Muzamil, mwingine wa timu. Wakacheka, kicheko kisicho na utamu.

Mwalimu akachukua kipimo, akazifunga taya, akakiinua dirishani. "Kinasema sifuri, na bado mwanga unapita katikati. Hiki kimeanguka. Uzi uko wapi?"

Maisara akatazama viatu vyake.

"Ni Djo tu," Ifrah akasema. "Jumatatu atoke kwenye timu."

"Jumatatu nataka aliyekiangusha," mwalimu akajibu. "Asipopatikana, hakuna kigari."

Mchana huo Djo alikula peke yake. Kwenye ngazi mtu alimpiga kikumbo, na hakuna aliyeomba radhi. Maisara aliyaona yote hayo, akapita.

Jumamosi bibi yake, Bi Nunu, alimtaka wapeleke cherehani kwenye ukumbi mmoja wa Nechells ambako watu hutengenezewa vitu bure. Maisara kufika, akasita mlangoni. Nyuma ya meza ya vyerehani alikaa Mwalimu Jatinder, mikono ya shati kaikunja, ananong'ona wimbo.

"Shikamoo, mama," mwalimu akamwamkia Bi Nunu.

"Marahaba, mwanangu. Cherehani hii nimeiangusha mwenyewe kwenye ngazi. Nilijitia nguvu nisizonazo."

"Asante kwa kuniambia. Sasa najua pa kutazama. Wengine husema imekufa yenyewe, basi nafungua skrubu zote kumbe bure."

Akafungua upande mmoja, akanyoosha chuma kilichopinda, akatia tone la mafuta. Cherehani ikaimba.

Bi Nunu akamgeukia mjukuu wake. "Na wewe, mbona kimya kama umemeza sindano?"

"Ni mimi," Maisara akasema, machozi yakimlenga. "Mwalimu, kipimo nilikiangusha mimi."

Mwalimu hakutabasamu. "Si mimi niliyechekwa. Kaseme mbele ya waliomcheka Djo."

Jumatatu akasema mbele ya timu nzima. Ifrah akamkodolea macho. "Kwa hiyo ulikaa ukitutazama tunamtafuna mwenzetu?"

"Na nyinyi mlitafuna bila kuuliza," mwalimu akamkatiza. Ifrah akainamisha kichwa.

Djo akachukua kipimo kizima kutoka kabatini. "Nitakata upya," akamwambia Maisara. "Lakini kupima, nitapima mwenyewe."

Maisara akakubali. Alifagia vumbi la chuma, akamshikia Djo taa, na chuma cha kwanza kikaingia tunduni bila kulazimishwa. Djo hakumshukuru, ila alisogea kidogo kumpa nafasi kwenye benchi.

Maisara akakata kipande cha uzi mwekundu, akakifunga kwenye kipimo kilichopinda.

"Sikiliza," Mwalimu Jatinder akasema, safari hii bila ukali. "Kipimo kuanguka si kosa, mikono yote huteleza. Kosa ni kukirudisha mezani kama kizima, mwenzio akakiamini, kisha akabeba lawama yako. Ukiangusha, sema mapema. Ukichelewa, sema hata hivyo."