Kigari Kisicho na Ukoo

"Shangazi ameoka keki. Iwahi kabla haijaanguka."

Ujumbe ulimkuta Darla Kreiser na kijiko mdomoni, supu ya kuku na mahindi ikimchoma ulimi.

Akausoma. Akaufuta. Supu ikageuka maji ya mtaro.

Keki, katika lugha ya ofisi yao ya kijasusi, ni sumu. Kuanguka ni kuanguka.

Na hapa kwenye uwanja wa Bonde la Kessler, katikati ya mashamba ya mahindi ya Pennsylvania, vilivyojua kuanguka kuliko vitu vyote ni vigari vya mbio. Maikrosprinti. Injini ya pikipiki, kizimba cha mabomba, bawa kubwa kama meza ya kulia juu yake, na dereva amebanwa humo kama dagaa kwenye kopo. Vinazunguka udongo kwa kasi ya kichaa, siku zote kushoto. Siku ikipita bila hata kimoja kubiringika, watazamaji hujiona wameibiwa kiingilio.

Darla alivibonyeza vizibo vyake vya masikio. Kila mtu hapa alivaa vizibo. Vyake tu ndivyo vilivyokuwa na redio ndani.

"Ghala, hapa Kunguru. Keki iko sahani gani?"

"Ndani ya kigari kimoja kati ya hivyo ulivyozungukwa navyo." Mkuu wake, Mzee Pruitt, hakuwa na tabia ya kusalimia. "Kimeingia kwa meli, eti kigari kuukuu cha mbio. Mabomba yake yamejazwa chupa za kioo. Wakala wa wenye sumu alichelewa kukifuata bandarini, mlinzi wa stoo akakiuza kwa mtu wa kwanza. Kikipinduka..."

"Watakufa wangapi?"

"Upepo unaelekea wapi?"

Darla akatazama bendera.

Upepo ulielekea jukwaani. Jukwaa lilikuwa limefurika. Vibibi vimejifunika blanketi, watoto wanalamba sukari vidoleni.

"Simamisheni mbio, mzee!"

"Wakala wao yuko humo humo, ana bastola. Akiona bendera nyekundu atajua, na risasi moja kwenye bomba inatosha. Kitambue kigari. Kimya kimya."

Redio ikanyamaza.

Darla akachomoa kipimo cha upepo wa tairi. Hapa kutembea na kipimo mkononi ni kama kutembea na pua usoni, hakuna anayekuuliza. Ila chake hakikupima upepo. Kilinusa sumu.

Akaanza kupita kati ya vigari. Polepole. Anatabasamu. Jasho linamteremka mgongoni kama mjusi.

Vigari vya mbio vina ukoo, kama watu. Darla alizaliwa kwenye karakana ya baba yake, akakimbiza mwenyewe hadi magoti yalipokataa. Alijua mkunjo huu wa bomba ni wa mafundi wa Indiana, kile kiti kilichosogezwa ni cha watu wa Oklahoma, na ule uchomeleaji mbaya ni wa binamu yake Orville, Mungu amsamehe.

Mshale wa kipimo haukucheza.

Kigari kingine. Haukucheza.

Kisha akakifikia cha buluu, mwanzoni mwa foleni ya kuingia uwanjani.

Hakikuwa na ukoo. Kila kiungo kimeungwa kwa ustadi mno, kama bomba la hospitali. Matope yalikuwa ya nje tu. Kwenye pembe za ndani, chini ya kiti, palikuwa safi kama sahani ya bi harusi. Kigari kuukuu gani hicho? Matope ya mbio huingia hata mahali dhambi isipofika!

Mshale ukaruka hadi mwisho.

"Toa kipimo chako hapo, Kreiser! Tairi zangu haziumwi."

Kutoka ndani ya helmeti, macho mawili yalimtazama kwa dharau. Loretta Umholtz, miaka hamsini na miwili, dereva wa basi la shule siku za kazi na jini siku ya Jumamosi. Walishindana zamani. Hawakupendana hata kidogo.

"Dada Loretta, hiki umekitoa wapi?"

"Nimekinunua Jumatano. Kimetoka kwa familia ya mbio, tangu enzi za babu yao."

"Nani kakwambia?"

"Aliyeniuzia. Unadhani nimemuuliza paka? Na usijisumbue, sikiuzi. Wewe wa pili leo. Yule bwana kanibembeleza tangu mchana utadhani ananiposa."

Darla akageuka.

Mtu mwenye kofia mpya alikuwa ameegemea rundo la tairi, mfuko wa karatasi mkononi. Alitia mkono, akapasua, akatafuna, akatupa maganda chini.

Karanga.

Za maganda.

Kumzunguka palikuwa peupe. Mafundi wote walikuwa wamemkimbia. Hata mtoto anayenyonya, kama kazaliwa kwenye familia ya mbio, anajua karanga za maganda haziliwi na mtu hapa. Ni mkosi. Ni kaburi. Mtu wa mbio angekula tairi kwanza.

Yule bwana akaona anatazamwa. Akaanza kuja.

"Dada, toka," Darla alinong'ona. "Nakuapia. Ndani ya haya mabomba kuna sumu ya kuua uwanja mzima."

Loretta akacheka mpaka helmeti ikatikisika. "Sumu naipika mimi kila Krismasi, muulize mume wangu! Ulivyoshindwa kukinunua sasa unanitisha? Sogea, bibie."

Akabonyeza swichi. Injini ikanguruma.

Kitu kigumu kikamgusa Darla mbavuni, kupitia karatasi ya mfuko.

"Bastola. Glock," sauti ikamwambia sikioni, taratibu. "Mtoe. Mimi nataka kigari, wewe unataka roho za watu. Leo sisi ni ndugu."

"Hataki."

"Mshawishi, ndugu yangu."

Msimamizi akapunga mkono. Foleni ikaanza kusogea.

Darla akakamata kizimba, akatembea nacho. Kona ya kwanza ilikuwa pale, nyekundu, imelowa, teketeke. Wiki iliyopita watatu walibiringika hapo hapo. Akafikiria kumvuta Loretta kwa nguvu, akakumbuka mikanda mitano inayombana. Akafikiria kupiga kelele, bastola ikamkumbusha mbavu zake.

Mkono mfukoni ukagusa ufunguo.

Watu waliotengeneza hiki hawajawahi kukimbiza chochote, akawaza. Watu wa namna hiyo hupaka rangi gani? Rangi yoyote iliyopo stoo.

Akakwangua. Krrrr! Buluu ikabanduka mbele ya macho ya Loretta.

Chini yake, kama lori la jeshi:

Kijani.

Injini ikazimwa.

"Kreiser." Sauti ya Loretta ilikuwa nyembamba. "Hiyo ni rangi gani?"

"Unaiona, dada."

"Wamenikalisha kwenye KIJANI?"

Sumu aliicheka. Kijani, ambacho kwa watu wa mbio ni mkosi kuliko karanga zote, hakukicheka. Mikanda ikafyatuka, usukani ukachomolewa, maana bila kuuchomoa hutoki, na mwanamke mzima akaruka nje kama paka aliyemwagiwa maji ya moto, usukani bado mkononi, huku anatema mate kufukuza nuksi.

"Asanteni," mwenye kofia akasema. Mfuko ukainuka. "Sasa sogeeni wote."

Darla akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi:

"Dada Loretta. Mwenye kijani ni huyu. Na tazama anakula nini."

Loretta akatazama mfuko. Akatazama maganda yaliyonasa kwenye shati.

"Karanga?"

"Za maganda."

Usukani ukashuka.

Kifundo cha mkono kikalia ko! Glock ikaanguka chini, karanga zikaifuata. Kabla yule bwana hajamaliza kupiga yowe, mafundi wawili walikuwa wamemvika tairi mabegani hadi viwikoni, na wa tatu, Orville mwenyewe, amemkalia.

"Lakini nimefanya nini?" alilia. Kuna mambo hayaelezeki kwa mgeni.

Kigari cha buluu kikasukumwa kando taratibu, kama jeneza la mfalme. Hakuna chupa iliyopasuka. Jukwaani vibibi vililalamika kwamba mbio zinachelewa.

Darla akaokota bastola, akaondoka bila kugeuka.

"Ghala, hapa Kunguru. Keki iko mezani. Haikuanguka."

"Kazi nzuri." Mzee Pruitt akashusha pumzi, kumbe naye alikuwa anaogopa. "Wanajeshi wako njiani kuichukua. Malori mawili."

Darla akasimama.

"Rangi gani?"

Mzee Pruitt akakohoa.

"Ya... kawaida. Kijani."

Nyuma yake Loretta bado alikuwa na usukani mkononi, anatafuta mtu mwingine wa kumpiga.

"Mzee," Darla akasema, akirudi kwenye supu yake, "kama unawapenda vijana wako, waambie wapaki barabarani."