Mluzi Mara Mbili

Jua lilikuwa limebakiza kama nusu saa lizame Lukasi alipotoka nyumbani kwake Chanika kwenda porini kutafuta daftari. Alimwambia mkewe, Fausta, kwamba anakwenda kuangalia mizinga miwili ya nyuki, ile ya karibu tu. Mwanamume wa miaka arobaini na mmoja aseme anakimbilia porini jua likizama kwa ajili ya kidaftari cha mfukoni? Angechekwa.

"Na simu yako?" Fausta aliuliza.

"Acha ipate chaji. Narudi sasa hivi."

Nyuma ya banda alipita kando ya udongo mbichi walikomfukia mbwa wao juzi. Aliamka mzima, jioni wakamkuta amekauka. Walisema ni nyoka, wakaacha hapo.

Daftari lile Lukasi alilipenda kuliko panga lake. Lilikuwa dogo, jalada la plastiki jekundu, kalamu imefungwa kwa uzi. Humo aliandika kila alichofundishwa na marehemu mjomba wake, mzee Hiza, aliyemwingiza katika kazi ya kurina asali. Ukiona nyuki wengi wanashuka bondeni asubuhi, maji hayako mbali. Ukipotea, kaa chini kwanza. Kinyesi kikavu cha tembo hutunza moto usiku kucha.

Mjomba mwenyewe hakulipenda. "Unamwandikia nani?" alimuuliza siku moja, tumbaku shavuni. "Haya ni mambo ya mdomo na sikio. Huko porini unadhani ni wewe peke yako unayejua kusoma?"

Lukasi alicheka. Ujuaji ulimjaa, tuseme ukweli. Siku hiyo hiyo akaandika hata lile ambalo warina asali wa ukoo wao hawalisemi mbele ya mgeni: porini watu hawaitani majina, kwa sababu viko vitu vinavyoiga sauti. Na mtu akirudi kutoka porini giza limeingia, habishi hodi wala haiti. Anapiga mluzi mara mbili. Bila mluzi mlango haufunguliwi, hata alie kwa sauti ya mama mzazi.

Aliandika yote, na chini yake akapiga mstari.

Daftari lilimponyoka Jumapili. Leo Jumatano, na mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Alitarajia kukuta uji wa karatasi. Alilikuta chini ya mti wa mzinga wa tatu, juu ya jiwe bapa, limewekwa sawasawa kama kitabu cha nyimbo kwenye benchi la kanisa.

Lilikuwa kavu.

Aliinama kulichukua. Harufu ikamjia, ya manyoya yaliyolowa, nzito, ya karibu sana. Nyuki wa mzingani walikuwa kimya.

"Lukasi..."

Sauti ya Fausta. Alitaka kuitika, akajizuia. Fausta alikuwa nyumbani anapepeta mchele.

"Lukasi... njoo tule..."

Ilitoka juu, kwenye matawi.

Hakutazama juu. Alianza kurudi nyuma taratibu, huku mikono yake, sijui kwa nini, ikifungua daftari. Baada ya ukurasa wake wa mwisho kulikuwa na ukurasa mwingine. Wino ule ule wa bluu. Mwandiko wake mwenyewe, hadi ile "g" yake ya mkia mrefu.

*Namna ya kuishi kwa watu.*

*Maji: ndoo ya bluu, nyuma ya mlango wa jiko.*

*Hatari: mbwa. Amekwisha.*

*Mtoto: Loyce. Miaka minane. Nyumbani wanamwita Kibibi. Haogopi sauti ya baba yake.*

*Mlango: mluzi mara mbili.*

Lukasi alikimbia.

Alikimbia hovyo, miiba ikimchana mikono, akapita kichuguu kimoja mara tatu. Mara ya tatu alijua amepotezwa. Akakaa chini kama alivyoandika, akalazimisha pumzi itulie, ingawa kila pumzi aliiona kama anamwibia mtoto wake. Giza lilipotanda vizuri ndipo taa za Chanika zilipoonekana, mkono wa kushoto, mahali ambapo angeapa hapana kitu.

Alifika mlangoni akitweta. Alikusanya mate, akapiga mluzi. Akapiga tena.

Mlango haukufunguliwa.

Kisha sauti ya Fausta, ya chini, nyuma kabisa ya ubao. "Wewe nani?"

"Ni mimi. Fungua."

"Mume wangu ameshaingia." Alikuwa ananong'ona huku analia. "Kapiga mluzi mara mbili, nikafungua. Yuko chumbani kwa mtoto."

"Fausta, siyo mimi huyo! Daftari ninalo hapa mkononi!"

"Na yeye analo. Anamsomea Loyce."

Kupitia dirisha la chumba alisikia mtu akisoma polepole habari za nyuki na maji. Ilikuwa sauti yake. Hata kikohozi kilikuwa chake.

"Niulize kitu," alisema. "Siku ya harusi yetu, Korogwe, pale Manundu, mvua ilizima majiko, nikawasha moto kwa..."

"Kwa ganda la mti na mafuta ya kupakaa. Kanisimulia hayo hayo sasa hivi, tena hata sikumuuliza."

Ndiyo, aliyaandika. Kwenye somo la kuwasha kuni mbichi. Lukasi alipekua kichwa chake chote, na kila alichokigusa kilikuwa kimeshaandikwa: majina, safari, alama, siri za ukoo. Alijichukia pale mlangoni kama hajawahi kumchukia mtu.

Palibaki jambo moja tu. Hakuliandika kwa sababu ya aibu.

"Mwanangu!" alipaza sauti. "Lile kovu la mguuni! Tulimdanganya mama ni baiskeli. Nilikwenda na wewe porini, nikaona kundi la nyuki, nikakuacha peke yako zaidi ya saa nzima. Nilikusahau. Nilikukuta juu ya mti, mguu unachuruzika damu, nikakuapisha usimwambie mama. Nisamehe, mwanangu. Nilikusahau."

Ndani, kusoma kulikoma.

Dirisha lilipumua ile harufu. Kisha zikasikika nyayo ndogo zikikimbia sakafuni, na sauti ya Loyce: "Mama, fungua! Baba ni huyu wa nje!"

Komeo liliruka. Lukasi alichomoa panga lake kiunoni, akaingia moja kwa moja hadi chumbani. Hapakuwa na mtu. Dirisha lilikuwa bado limefungwa kwa ndani. Kitandani shuka lilikuwa limelowa mahali mtu mzima angekaa.

Fausta alimkumbatia, halafu akampiga kifuani kwa ngumi mbili, akalia. Lukasi alistahili, na alijua. Hakujitetea.

Walilichoma daftari jikoni. Alisimama hapo mpaka plastiki nyekundu ikayeyuka yote na kalamu ikapasuka. Mafundisho yote ya mjomba Hiza yalikwenda na moshi, na hakuyasikitikia. Wakakubaliana ishara mpya ya mlangoni, wakaambiana masikioni. Loyce akapewa chai ya maziwa, akalazwa katikati yao. Kwa mara ya kwanza tangu magharibi, Lukasi alihisi mwili wake unalegea.

"Baba," Loyce aliita.

"Naam, mama."

"Yule mwingine hakuondoka palepale. Ulipokuwa unasema habari za kovu, alinyamaza akusikilize."

"Usimwaze tena. Lala."

"Halafu akafungua ukurasa mweupe," mtoto alisema, macho yameanza kufumba. "Akaandika."