Baba Yangu na Kibudu cha Banda la Jichomee

Ndugu zangu wasomaji, mimi ni bibi wa miaka themanini na ushei. Shule ya serikali sikuingia. Nilisoma chuo cha Kurani nikahitimu msahafu, na herufi hizi nilifundishwa ukubwani, kwenye kisomo. Mkiona mstari umepinda, nisameheni. Lakini majina ya watu sisahau, na haya ninayowaeleza niliyaona kwa macho yangu mawili...

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mke wa Athumani Sefu, hapa hapa Bagamoyo, miaka ile ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, tumbo limeshaonekana.

Mume wangu alikuwa na banda la nyama kando ya njia wanayopitishia ng'ombe wa kutoka Lugoba. Watu waliliita Jichomee. Mpishi hakuwepo. Mteja anachagua kipande chake kibichi, anapewa seredani yenye mkaa uliokolea, chumvi, ndimu na pilipili, anakaa kwenye kigoda anachoma mwenyewe. Ndizi mbili za kuchoma tulimwongezea bure. Basi chakula cha mchana kilikuwa nafuu, hata mchukuzi wa magunia aliweza kula nyama akashiba!

Mimi nilikaa nyuma ya ukuta wa makuti, natwanga pilipili na kukata ndimu. Sikuonekana, lakini nilisikia kila kitu. Jinsi walivyotaniana pale! Utasikia mmoja anamwambia mwenzake, "Shemeji, unachoma au unaifukiza udi?" Na yule anamjibu, "Wewe yako umeila mbichi, usiku itakulilia tumboni." Nilikuwa nacheka peke yangu kule nyuma.

Lakini watu hawakuja kwa unafuu tu. Walikuja kwa ajili ya baba yangu.

Baba yangu, Mzee Mwinshehe, alikuwa mchinjaji. Harusi, hitima, akika, yeye ndiye aliyeitwa. Watu wa pwani tunajua, nyama hata iwe nono vipi, kwanza unauliza nani kachinja. Ukiambiwa Mzee Mwinshehe, unanawa mikono unakula. Kila alfajiri akitoka msikitini alipitia zizini kwa mkwewe, akachinja, akaenda zake shamba. Mshahara hakutaka. Alisema anamsaidia mtoto wake, na mtoto mwenyewe ni mimi.

Siku moja mchana banda limejaa. Mzee Kibwana, mvuvi wa Mlingotini, mteja wetu wa siku zote, alikuwa anageuza kipande chake juu ya mkaa. Nikamsikia anasema, "Athumani, nyama yako leo ina hedhi?" Watu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika.

Nilichungulia kwenye tundu la makuti. Damu nyeusi ilikuwa inatoka kwenye ile nyama, nzito kama uji, inadondokea mkaa na kunuka. Akaigeuza tena, ikatoka tena. Na seredani ya jirani yake vile vile... Na ya tatu!

Wasomaji, nyama ingekuwa ndani ya sufuria ya mchuzi wenye bizari, nani angejua? Lakini pale kila mtu alikuwa anatazama kipande chake. Mnyama aliyechinjwa akiwa hai damu yake humwagika. Damu hubaki mwilini kwa yule aliyekufa mwenyewe. Hicho ni kibudu, na kwetu ni haramu.

Watu walitema. Wengine walitoka nje wakajitapisha kwa vidole. Mzee Kibwana aliinuka na nyama yake kwenye kijiti, akamsogezea mume wangu usoni. Akamuuliza polepole, "Nani kachinja ng'ombe huyu?"

Mume wangu hakupepesa macho. Akasema, "Mimi nauza tu. Mchinjaji mnamjua. Muulizeni mkwe wangu."

Wakamfuata baba shambani. Alikuja na udongo miguuni. Akaitazama nyama. Akamtazama Athumani kwa muda mrefu. Halafu akageuza uso kwenye ule ukuta wa makuti, kama aliyejua kwamba nimesimama upande wa pili na tumbo langu.

"Jambo hili liko shingoni mwangu," alisema. "Nisameheni, waumini wenzangu."

Na mimi, mtoto wake, nilidhani labda uzee, labda alikuja amechelewa akapitisha kisu kwa mnyama aliyekwisha kufa. Usiku ule mume wangu alinibembeleza, akasema mzee keshachoka, tumsamehe. Nilimwona mume mwenye huruma...

Kuanzia hapo hakuna aliyempigia baba hodi kumwita kuchinja. Salamu walimpa, shikamoo akapewa na watoto, lakini harusi zikapita, na hitima zikapita. Mume wangu akamchukua Maalim Rajabu achinje bandani, na wateja wakarudi. Jichomee ikajaa kama zamani. Baba alikuwa anakaa barazani, watu wanapita na mbuzi wao mbele yake wakimpeleka kwa mwingine.

Nikajifungua mtoto wa kike, Zena. Siku ya akika, mtoto anapochinjiwa mbuzi wake, baba alikuja amevaa kanzu safi, kisu chake kimenolewa. Alichinjia akika nusu ya watoto wa mtaa ule, atakosa ya mjukuu wake? Athumani akamvuta kando. Nilisikia kwa masikio yangu: "Baba, tusiwaudhi wageni. Hawatakula."

Baba akasema, "Sawa, mwanangu." Kisu akakirudisha kwenye ala. Kisha akainama akashika miguu ya yule mbuzi, Maalim Rajabu akachinja. Baba yangu alishikilia miguu ya mbuzi kama mtumishi, kwenye akika ya mjukuu wake wa kwanza! Ee Mola, kwa nini sikuona?

Hakukaa sana baada ya hapo. Alianza kukataa chakula, akawa hatoki ndani. Baba alipofariki, Zena alikuwa hajaanza kutambaa.

Asubuhi ya hitima niliingia chumbani kwa mama, Bi Mwanakombo, aliyekuwa amekaa eda. Nikamwambia namshukuru Athumani, ng'ombe wa hitima katoa yeye. Mama akanitazama. Akasema, "Mwanahamisi, kaa chini."

Akanieleza. Alfajiri ile baba alipofika zizini alikuta ng'ombe ameshachunwa. Chini hapakuwa na damu: ng'ombe alikufa usiku, na Athumani alimpasua shingo mwenyewe ili aonekane kachinjwa. Baba akamwambia, kamzike huyu, sasa hivi. Athumani akaapa kwa jina la Mungu kwamba atamzika. Baba akamwamini akaenda shamba.

Nikamuuliza mama, mbona hakusema? Mama akalia. "Alisema, nikimtaja mkwe wangu wataivunja ndoa, na mtoto ana mimba. Akaniapisha ninyamaze. Sasa aliyeniapisha yuko kaburini, na mimi siwezi kubaki nalo peke yangu."

Nje wanaume walikuwa wanamaliza kusoma. Masinia ya pilau yakatengwa. Nikamsikia mtu mmoja anauliza taratibu, nani kachinja? Na mume wangu akajibu kwa sauti ya kuchangamka: "Maalim Rajabu. Leo kuleni bila wasiwasi."

Leo! Ndani ya nyumba ya baba yangu, udongo wa kaburi lake haujakauka...

Miguu ilinitoa nje yenyewe. Mwanamke kuingia kwenye safu ya wanaume waliokaa kula! Mikono ikasimama juu ya masinia. Nikasema, "Athumani, waambie watu nani alipasua shingo ya ng'ombe aliyekufa."

Akacheka kidogo akasema mke wangu ana majonzi, mrudisheni ndani. Sikurudi. Nikayasema yote aliyonieleza mama, mpaka ile ahadi ya kuzika. Mzee Kibwana akachukua msahafu, akaushika mbele yake. "Weka mkono hapa, mwanangu, useme kwamba binti huyu ni mwongo. Tutakuamini."

Mume wangu aliutazama ule msahafu. Mkono hakuuinua. Aligeuka kwangu akasema, "Mwanahamisi, nimekuacha. Talaka tatu." Akavaa viatu akaondoka.

Watu wote walielewa. Mzee Kibwana aliweka kofia usoni akalia, mwanaume wa bahari yule! Walitoka wote, pilau halijaguswa, wakaenda makaburini kumwomba baba radhi. Walisimama pale mpaka adhuhuri wakisema samahani, Mzee Mwinshehe, tusamehe... Marehemu atajibu nini?

Zena nilimlea peke yangu. Ndoa aliyoifia baba yangu iliishia kwenye sentensi moja.

Wazazi wenzangu, nawaomba. Msijibebeshe dhambi ya mkwe ili binti abaki na mume. Mwambieni. Afadhali mimi ningeambiwa nikarudi nyumbani na mimba yangu, nikalala kwenye mkeka, na baba yangu akaendelea kuitwa kwenye harusi za watu. Nanyi wenye ndoa, mtu akisingiziwa mbele yenu, na mtu huyo mnamjua tangu mlipozaliwa, msingoje hitima yake. Muulizeni angali hai.